Ukungu wa Bondwa

Mwaka 1974 nilikuwa mwanachuo wa ualimu pale Kigurunyembe, Morogoro, na mali yangu pekee ilikuwa Yashica kuukuu niliyoinunua kwa akiba ya miezi minane. Padri mmoja Mholanzi, wa misheni ya jirani, alikuwa na gramafoni. Jioni moja alituwekea santuri ya Bach iliyopigwa kwa piano. Wenzangu walisinzia, nami sikuwalaumu. Huu ulikuwa mji wa Mbaraka Mwinshehe, na gitaa lake lilitutosha. Lakini mimi nilisikia sauti moja ikianza peke yake, ya pili ikairudia, kisha ya tatu, kila moja ikishika njia yake bila kuzikanyaga nyingine. Nikatazama dirishani. Milima ya Uluguru ilikuwa imekaa hivyo hivyo: mgongo wa mbele mweusi, wa pili wa kijivu, wa mwisho umekaribia kuwa anga.

Padri alinieleza kwamba kitabu kile, cha mwaka 1722, kina jozi 24 za vipande, jozi moja kwa kila ufunguo wa muziki. Nikajiapiza kupiga picha 24 za Uluguru. Ujana una kiburi chake, ndugu msomaji.

Ya tisa ilikuwa ya mama. Alikuwa akishuka njia ya Bondwa na mkungu wa ndizi kichwani, ukungu mweupe nyuma yake. Alisimama, akasema, "Piga upesi, mwanangu, shingo inaniuma." Mkanda uliporudi kutoka kusafishwa, ukungu ulikuwa safi kabisa na uso wa mama ulikuwa doa jeusi. Alipoiona alicheka: "Kumbe ndivyo unavyoniona?" Nami nilicheka, lakini kamera niliifungia sandukuni. Miaka miwili baadaye mama alifariki, na picha yake nyingine hatukuwa nayo.

Mwaka 1982, nikiwa mwalimu tayari, padri yule alinisimulia habari za Ansel Adams, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902, aliyesomea piano miaka mingi kabla ya kuiacha kwa ajili ya kamera. Adams aliifananisha negativu na karatasi ya noti, na picha iliyosafishwa na upigaji wenyewe wa muziki. Picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, ya mwaka 1941, aliisafisha upya mara nyingi, na miaka ilivyokwenda mbingu yake ilizidi kuwa nyeusi. Noti ni zile zile.

Nilirudi nyumbani nikapekua sanduku.

Padri alikuwa amegeuza stoo yake kuwa chumba cha giza. Kumbe kosa la kwanza lilikuwa langu: weupe wa ukungu uliidanganya mita, uso ukapata mwanga kidogo mno. Hata hivyo ulikuwamo, hafifu. Nikakata karatasi ngumu mfano wa sarafu, nikaishikiza kwenye waya, nikauwekea uso kivuli huku mwanga ukiendelea kuushukia ukungu, nikiutikisa waya ili usiache alama. Karatasi sita ziliharibika. Katika ya saba, ndani ya dawa, ulitokea mkungu, kisha macho, kisha mdomo uliofumbuka nusu, bado unanihimiza.

Kwetu Waluguru ukoo hufuata kwa mama, kwa hiyo picha ile aliichukua dada yangu. Nilijisafishia nyingine, ikatoka nyeupe kidogo kuliko ile. Ndiyo hiyo iliyopo ukutani.