Kisu cha Kuchinjia: Safari Yetu kwa Mfua Chuma wa Likoni

Idd-ul-Adh'ha ya mwaka uliopita ilituachia haya. Kisu tulichokinunua dukani, kilichong'ara kama kioo, kilipinda makali kwa mbuzi wa kwanza tu, na wa pili akangojea huku tukihangaika kuazima kisu kwa jirani. Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws, ametuamrisha tuchinje kwa wema, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Sisi hatukumpumzisha.

Kwa hiyo mwaka huu, Idd ingali mbali, tulivuka feri asubuhi pamoja na mama yetu, tukaenda Likoni kwa mfua chuma mmoja mwenye kibanda cha makuti.

Malighafi yake ni springi za malori mabovu, kwani hiyo ni pua iliyozoea kupinda na kurudi. Kijana wake alivuta mvukuto, makaa yakawaka. Ubapa ulipokuwa mwekundu, mzee aliusogezea sumaku. Ulipoacha kunaswa, alijua moto umefika, akauchovya katika mafuta.

"Sasa, mama, tujaribu," alimwambia mama yetu.

Kwanza alipitisha tupa juu ya makali. Ikiteleza, chuma kimekuwa kigumu. Ikiuma, bado ni laini. Hapo akakirudisha kwenye moto mdogo hadi kikaiva rangi ya majani makavu, kwani chuma kigumu mno huvunjika kama kigae. Alipokwisha kukinoa, aliyakandamiza makali kwa ubavu juu ya kipande cha shaba nyeupe. Makali mema hunyumbuka yakarejea. Yakibaki yamepinda ni laini, yakimeguka ni makavu mno. Mwisho alitupa kamba ya usumba tuikate mara ishirini, kisha nyanya mbivu. Nyanya ilikatika bila kupondeka.

Visu tulivyochagua vilikuwa viwili, na bei tulikwisha kukubaliana. Alipokuwa akikifunga cha pili, mzee alikigonga kwenye fuawe, akasikiliza, akakigonga tena. Sauti ilikuwa butu. Alikielekeza juani, akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele karibu na mpini. Sisi tusingeuona kabisa. Alikitupa kando, akaturudishia fedha zetu, na siku hiyo hakuwa na mteja mwingine.

Mama alimwombea dua ya riziki.

Kisu tulichorudi nacho hakina mng'aro, na hushika kutu kikiachwa na maji au ndimu. Hukioshwa, hufutwa pale pale na kupakwa mafuta ya nazi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunawausia akina mama wenzetu: nunueni kisu mapema, kijaribuni nyumbani kwa kamba na nyanya, na kinoeni mbali na macho ya mnyama. Siku ya Idd si siku ya kujaribu kisu.