Gari Lililochemka Njiani Kibumba

Mwaka 2019 tulikuwa tukipeleka jeneza la mama mmoja kutoka Goma kwenda Kibumba, kwa kamionete ya kukodi. Mlimani mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka. Nikamkemea dereva mbele ya wafiwa: "Mzee, hukutia maji!" Hakunijibu. Nikashika kitambaa nifungue mfuniko wa rejeta, akanikamata mkono. Heri alinikamata, maana maji ya moto yaliyobanwa humo yakifunguliwa ghafula huruka na kumwunguza mtu uso. Nasi Goma tuko juu, mita 1,500 hivi, na maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 95 tu. Ndiyo sababu mfuniko usiobana hututesa kuliko watu wa pwani.

Tukangoja karibu saa nzima, wafiwa wakisali Rozari. Mashine ilipopoa akafungua: maji yamepungua kidogo tu. Ndipo akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kule tambarare, penye mwendo, lilichemka?" La. "Basi tuanze na feni," akasema. Kwenye mwendo upepo hupoza wenyewe. Mlimani, polepole, kazi yote ni ya feni. Akabonyeza mkanda wake: umelegea, unateleza. (Mimi niliyesoma seminari sikuutazama hata.) Akaukaza kwa spana, akaongeza maji taratibu.

Tulizika jua likizama. Nikamwomba mzee radhi mbele ya wafiwa wale wale, kwa kuwa mbele yao nilimwaibisha. Akacheka, akaniomba mchango wa kununua mkanda mpya.