Msitu wa Arabuko-Sokoke na Mwamba wa Watamu

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akisha kulivuka daraja la Kilifi na kuendelea mbele, huona upande wake wa kushoto miti mingi iliyosongamana mpaka macho yanapokoma. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 420, na katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki hakuna kipande kikubwa kuliko hicho kilichosalia. Upande wa kulia iko hori ya Mida yenye mikoko, kisha Watamu na bahari.

Apitaye kwa motokaa hudhani kwamba msitu ni mmoja tu. Lakini aingiaye kwa miguu huona kwamba iko mitatu. Karibu na barabara miti ni ya namna nyingi iliyochanganyika. Katikati, juu ya mchanga mweupe, imesimama mirihi. Na upande wa magharibi, penye udongo mwekundu, kuna vichaka vizito visivyopitika kwa urahisi. Humo katika udongo mwekundu hukaa bundi mdogo wa Sokoke, ambaye kimo chake hakizidi shubiri, na nje ya sehemu hizi za Kilifi hujulikana tu huko Tanzania, chini ya milima ya Usambara. Chini ya miti hukimbia sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu apate wadudu.

Serikali iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943. Walakini tangazo halizuii shoka. Ukingoni mwa msitu huishi watu wengi, walimao mahindi na mihogo katika udongo usio na rutuba nyingi. Mvua ikikosa, mzazi mwenye mtoto aliyeitwa shule ya sekondari huutazama msitu na kuona karo: muhuhu mmoja kwa wachongaji, au magunia machache ya makaa. Mwenye njaa hana miiko, na si haki kumwita mwizi kabla ya kumwuliza nyumbani kwake kuna nini chunguni.

Hapo ndipo penye kazi ya shirika la Wakristo liitwalo A Rocha. Lilianzishwa Ureno mwaka 1983, na jina lake kwa Kireno maana yake ni mwamba. Kazi yake ilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990, na nyumba yake iliyoko ufukoni Watamu ikaitwa Mwamba, jina ambalo kila mvuvi wa pwani hulielewa bila mkalimani. Watu wake huhesabu ndege, huchunguza viumbe wa bahari, na hufundisha mashuleni na makanisani.

Mwaka 2001 ulianza mpango wa kuwasaidia watoto wa vijiji vilivyo kandokando ya msitu na hori. Pale Mida limejengwa daraja la kamba na mbao, lenye urefu wa zaidi ya mita 200, lipitalo katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege. Mgeni hulipa kiingilio, na fedha hizo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari. Kwa upande wao, wazazi huombwa kuutunza msitu na kupanda miti nyumbani. Hivyo mti uliosimama humlipia mtoto karo kila mwaka, ilhali mti uliokatwa humlipia mara moja tu.

Kadhalika wakulima hufundishwa kilimo kiitwacho Njia ya Mungu, kilichoanza Zimbabwe katika miaka ya 1980. Aliyekianzisha, Brian Oldreive, alitazama jinsi msitu ulivyostawi bila kulimwa, majani yakianguka na kuufunika udongo kama blanketi. Basi mkulima halimi shamba lote wala hachomi mabua. Huchimba mashimo kwa mistari iliyopimwa, hutia samadi, hupanda mapema, kisha hufunika ardhi kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Shamba dogo likizaa vema, hapana haja ya kufyeka jipya msituni.

Wako Wakristo wasemao kwamba dunia hii itapita, basi kwa nini kuhangaikia bundi na sange? Jibu lake si gumu. Karani aliyekabidhiwa ufunguo wa sanduku la fedha, hata akijua kwamba mwezi ujao atahamishwa, halivunji sanduku kwa sababu hiyo. Atatoa hesabu mpaka senti ya mwisho, kwa kuwa fedha si zake. Kitabu cha Mwanzo chaeleza kwamba mtu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili alipewa pamoja, na wengi wetu tumeishika ya kwanza na kuisahau ya pili.

Jua likitua, wageni huondoka Mida, na sauti ya bundi husikika kutoka upande wa udongo mwekundu. Kama wajukuu wa watu wa Gede nao wataisikia, ni juu ya hao waishio leo.