Juma Moja Katika Kalasi ya Lugha Mbili

Ninawaandikia kutoka Houston, mji mkubwa wa jimbo la Texas, kule Marekani. Nilizaliwa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi. Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines mpaka mgongo wake ulipochoka. Leo ninataka kuwaeleza juma moja nililopitisha katika kalasi ya pili ya shule ya msingi, nikikaa juu ya kiti kidogo cha mtoto, magoti karibu na kidevu.

Nilikwenda kule kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Binti yetu ana miaka saba. Mimi ndiye niliyemwandikisha katika kalasi wanamofundisha kwa Kihispania na Kiingereza. Bwana yangu hakupenda hata kidogo. Alisema: «Tulikuyaka huku juu ya Kiingereza. Ku nyumba kuko Kiswahili na Kifaransa. Sasa Kihispania tena? Utapasula mutoto kichwa!» Sikuwa na jibu. Tukapatana hivi: kwa kuwa nilikuwa na likizo ya juma moja, niende kumsaidia mwalimu kama wazazi wengine wanavyofanya, nione kwa macho yangu, halafu tukate neno siku ya posho.

Siku ya kazi moja

Kwenye mlango kulikuwa karatasi nyekundu. Maana yake: leo ni siku ya Kihispania. Siku ya pili inakuwa ya buluu, ni ya Kiingereza, na hivyo juma lote kwa zamu. Watoto walikuwa 22. Karibu nusu yao ni wa nyumba zinazosema Kihispania, na wengine ni wa nyumba za Kiingereza, au za lugha nyingine kama sisi. Wanakaa wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule.

Mwalimu akaanza kusema Kihispania na hakuacha. Mtoto akiuliza kwa Kiingereza, mwalimu anasikia vizuri, lakini anajibu kwa Kihispania. Anaonyesha kwa mikono, kwa picha, kwa uso wake. Hafasiri. Baadaye nilimwuliza sababu. Akanijibu kwamba akifasiri kila neno, mtoto atangoja tafsiri tu, na masikio yake yatalala.

Binti yangu alikwama kabla ya saa nne. Nikaona machozi. Nilitaka kusimama niende kumchukua, tutoke, mambo yaishe. Lakini jirani yake, mtoto wa watu wa Honduras, akavuta kaye yake, akamwonyesha kwa kidole mstari baada ya mstari, bila kucheka. Wakati wa kula mtoto akaniambia: «Mama, leo sisikie kintu.» Nikasema moyoni: baba yako ana haki.

Siku ya kazi mbili

Karatasi ya buluu. Kumbe dunia iligeuka! Yule mtoto wa Honduras, aliyekuwa fundi jana, leo alikaa kimya kama mgeni. Na binti yangu ndiye aliyevuta kaye yake na kumwonyesha kwa kidole. Hapo nikaanza kuelewa kwa nini wanawakalisha wawili wawili. Hakuna mtoto anayekuwa mjinga kila siku, wala anayekuwa bwana kila siku.

Nikajifunza jambo lingine tena. Somo halirudiwi mara mbili. Hesabu ni kwa Kiingereza siku zote, na sayansi ni kwa Kihispania siku zote. Kama hukusikiliza vizuri, hakuna kungoja kesho ulisikie kwa lugha yako.

Lakini nisiwadanganye. Kwenye kiwanja cha michezo Kiingereza kinashinda kila siku, hata siku nyekundu. Mwalimu anajua. Anasema lugha ya wenye nguvu haihitaji mtu wa kuisukuma, ile nyingine ndiyo inayohitaji mkono.

Mpango wa namna hii si wa jana. Baada ya mapinduzi ya Kuba ya mwaka 1959, wakimbizi wengi walifika Miami. Mwaka 1963 shule ya Coral Way ya mji ule ilianza kufundisha watoto wa Wakuba na watoto wa Waamerika pamoja, nusu ya siku kwa lugha moja na nusu kwa nyingine. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kutoa pesa za serikali kwa mafundisho ya lugha mbili. Johnson mwenyewe, alipokuwa kijana, alifundisha watoto maskini wenye asili ya Mexico huko Cotulla, Texas.

Siku ya kazi tatu

Siku ile walifanya kazi wanayoiita daraja. Mwalimu anaandika maneno ya Kihispania kwa rangi nyekundu na ya Kiingereza kwa buluu, na watoto wanatafuta yale yanayofanana. Ghafla binti yangu akainua mkono: «mesa», hata kwetu ni meza! Kweli: sisi tuliipata kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania. Halafu nikamnong'oneza ya pili: «azúcar», ni sukari, sababu sisi na Wahispania tulilitoa neno lile kwa Waarabu. Na «aceituna» ni zeituni, ile ya Mlima wa Mizeituni. Mtoto alicheka kama mtu aliyekuta pesa njiani.

Kulikuwa na bibi mmoja anayekuja kusaidia, nyanya ya mtoto wa kalasi ile. Wakati wa mapumziko akaniambia kwamba alipokuwa mdogo, hapa Texas, walimpiga mikono kwa kusema Kihispania shuleni. Sheria ya Texas ya mwaka 1918 ilikataza walimu kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza, na ilifutwa mwaka 1969 tu. Huko Marfa, katika shule ya Blackwell, mwaka 1954 watoto waliandikishwa kwenye vipande vya karatasi kwamba hawatasema Kihispania tena. Karatasi zile zikatiwa ndani ya kisanduku, zikazikwa karibu na mlingoti wa bendera, kama mazishi ya mtu. Leo shule ile imewekwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, kwa sheria ya mwaka 2022.

Nilimsikiliza yule bibi, na shingo yangu ikaanza kuniwasha. Wazee wenzangu mnajua sababu. Katika shule yangu ya utoto kulikuwa kipande cha mti chenye kamba. Tulikiita sembole. Ukisema Kiswahili, unavikwa shingoni mpaka umkamate mwenzako anayesema Kiswahili, umpe. Jioni atakayekutwa nacho anapigwa. Siku moja nilikivaa mpaka nyumbani. Mama yangu alipoulizia ni nini, niliona haya kumjibu, sababu nilipaswa kumjibu kwa Kiswahili.

Siku ya kazi ine

Somo la sayansi lilikuwa juu ya mawe na udongo. Nilikuwa nimemwambia mtoto abebe jiwe letu la malakiti, lile la kijani ambalo mama aliniwekea ndani ya sanduku siku ya safari. Akasimama mbele. Akaanza kwa Kihispania: ni jiwe, ni la kijani, linatoka Kongo, ndani yake mna... Neno likakimbia. Kalasi ikanyamaza. Mtoto akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo: «shaba».

Mwalimu hakumkosoa. Aliandika «cobre» kwa nyekundu na «copper» kwa buluu. Halafu akatafuta kalamu ya kijani, rangi ya jiwe lenyewe, akaandika SHABA. Akawaambia watoto wote waseme. Watoto 22 wa Houston wakaita jina la kazi ya baba yangu! Na kijana mmoja akainua mkono: babu yake alichimba shaba huko Sonora, Mexico. Akaomba kulishika jiwe. Akalishika kwa mikono miwili, kama yai.

Mimi nilitoka nje kidogo kupangusa macho.

Siku ya posho

Siku ya kazi tano ilipita kwa kusoma vitabu, na asubuhi yake tukakaa mezani, mimi na bwana yangu. Nilimweleza yote, hata machozi ya siku ya kwanza. Nikamweleza tena kwamba wataalamu wawili, Thomas na Collier, waliofuata wanafunzi kwa miaka mingi, hata hapa Houston, waliandika mwaka 2002 kwamba watoto wa kalasi za lugha mbili wanafikia wenzao kwa Kiingereza na hata kuwapita. Ila si kwa mwaka mmoja. Inaomba uvumilivu wa miaka mingi. Bwana yangu akasikiliza, akasema tu: «Tutaona.»

Halafu tukapiga simu Likasi, kama kila siku ya posho. Tangu tufike huku, mtoto alikuwa akishika simu, anasema salamu moja, anairudisha kwangu haraka. Anasikia Kiswahili, lakini alikuwa anaona haya kukisema. Ile siku aliikamata na hakuitoa. «Kambo, jibwe yako iko ku masomo yetu. Na jina yake baliandika ku tablo!» Mama yangu alianza kucheka, akauliza, mtoto akajibu, wakaendelea mpaka yuniti zikaisha.

Bwana yangu alikuwa anaangalia dirishani. Baadaye akasema: «Acha abakie mule.»

Wazazi, Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifaransa watoto watakijua, na wakijue vizuri. Lakini kwenu nyumbani, mtoto akikuletea neno la Kiswahili kutoka barabarani, unamfunga kinywa, ao unatafuta kalamu ya kijani?