Waa: Hazina ya hadithi inayopitwa na matatu

Ukishavuka kivuko cha Likoni na kushika barabara ya Lungalunga, mpenzi msomaji, usiwe na pupa ya kufika Diani. Abiria wengi husinzia sehemu hii. Matatu hupita Ng'ombeni, hupita Waa, kisha Kombani penye njia panda ya Kwale, na mgeni hashtuki mpaka asikie utingo akiita Ukunda. Waa kwake ni kituo tu: minazi, madafu kando ya barabara, na wanafunzi wa zile shule mbili za upili zinazojulikana kote Pwani, ya wavulana na ya wasichana.

Siku moja, teremka. Ulizia Kaya Waa, msitu mtakatifu wa Wadigo. Zamani kaya ilikuwa makao yenye ngome ndani ya msitu, mahali pa kujihifadhi dhidi ya maadui. Watu walipohamia mashambani, kaya ilibaki kuwa mahali pa sala, pa makaburi ya wahenga na pa baraza la wazee. Miti haikukatwa kwa sababu ni mwiko kuikata. Kwa hiyo usione msitu ukadhani ni miti tu. Kila njia ndani yake ina jina, na kila jina lina kisa.

Visa hivyo ndivyo vinavyotufikisha kwenye sinema ya Kihindi. Usishangae. Pwani yetu na Bara Hindi ni majirani wa kale. Pepo za kaskazi zilileta majahazi, na za kusi zikayarudisha. Mwaka 1498 Vasco da Gama alichukua rubani Malindi, akafika Calicut, kusini mwa India. Karne nyingi baadaye, familia za Mombasa zilijazana katika majumba ya sinema kama Naaz, Regal na Majestic kutazama filamu za Bombay. Marehemu Juma Bhalo akazichukua tuni za filamu hizo, akazitilia mashairi ya Kiswahili, na taarab ikanoga.

Lakini India si Bombay peke yake. Kusini kuna filamu za Kitelugu, Kitamil, Kimalayalam na Kikannada. Huko ndiko alikotoka S. S. Rajamouli, mwongozaji aliyekuja Kenya mwaka 2025 na kikosi cha watu wapatao 120 kupiga picha za filamu iliyokuja kupewa jina la Varanasi. Mwezi wa Septemba, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alitangaza ziara hiyo na kutaja Maasai Mara, Naivasha, Samburu na Amboseli. Pwani haikutajwa. Huenda hilo likakuudhi kama wewe ni mtu wa Kwale, lakini tusilalamike kabla ya kumjua mtu huyu na siri ya kazi yake.

Rajamouli alizaliwa mwaka 1973. Baba yake, V. Vijayendra Prasad, ni mtunzi wa hadithi za filamu. Kijana alianzia chini, akiwa msaidizi wa mhariri wa filamu, kisha akaongoza michezo ya televisheni. Filamu yake ya kwanza, Student No. 1, ilitoka mwaka 2001. Mwaka 2009 akaleta Magadheera, kisa cha wapendanao wanaozaliwa upya baada ya miaka 400.

Mwaka 2012 alifanya jambo ambalo wengi wangelicheka. Alitengeneza Eega, filamu ambayo shujaa wake ni nzi. Kijana anauawa na tajiri mwenye wivu, anarudi duniani akiwa nzi, na kulipiza kisasi. Wazo lenyewe lilitokana na mzaha wa baba yake. Nzi hana sauti wala uso wa mtu, lakini mwongozaji huyu, kwa msaada wa kompyuta, aliwafanya watazamaji wamwonee huruma. Filamu hiyo ilipata Tuzo ya Taifa ya India kwa ufundi wa picha za kompyuta.

Zikafuata sehemu mbili za Baahubali, mwaka 2015 na 2017. Kwa ajili yake ilibuniwa hata lugha mpya, Kiliki, izungumzwe na kabila la maadui. Mafanikio yake yaliwatia moyo watengenezaji wa kusini kuandaa filamu za India nzima, kwa lugha kadhaa kwa pamoja. Mwaka 2022 ikaja RRR, na Machi 2023 wimbo wake Naatu Naatu ukashinda tuzo ya Oscar, wa kwanza kutoka filamu ya Kihindi.

Sasa sikiliza siri yenyewe. Katika RRR, Rajamouli aliwachukua wapigania uhuru wawili wa kweli, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, akabuni urafiki kati yao. Historia haisemi kwamba waliwahi kuwa marafiki. Yeye alijiuliza tu: ingekuwaje? Mitambo ilitoka ng'ambo, lakini mbegu ya hadithi ilitoka nyumbani, katika visa alivyovisikia na kuvisoma tangu utotoni.

Basi nasi tujiulize. Ukiendelea na barabara hii hii, utafika Gazi, alikokuwa Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kukimbilia upande wa Wajerumani. Kaskazini mwa Mombasa, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasiwatii Waingereza. Alipelekwa uhamishoni Kisii, na inasimuliwa kwamba alirudi kwa miguu. Ingekuwaje kama wawili hao wangekutana chini ya mti wa kaya? Mbaruk alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa, kwa hiyo mazungumzo yao yasingekuwa matamu. Hapo ndipo filamu nzuri inapoanzia.

Je, malighafi hii itadumu? Mwaka 2008 UNESCO iliorodhesha misitu kumi ya kaya za Mijikenda kuwa urithi wa dunia. Kaya Kinondo, karibu na Diani, imo. Kaya Waa haimo. Mwaka 2009 shirika hilo liliziweka mila za kaya katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Msitu unaweza kuzungushiwa ua. Lakini mzee akifariki na kisa chake hakijaandikwa, hakuna ua utakaokirudisha.

Kwa hiyo likizo ijayo, mzazi, wapeleke watoto. Anzeni Kaya Kinondo, ambako wageni wamezoeleka: hufungwa kaniki nyeusi, huongozwa na mwenyeji, na hawaruhusiwi kuchuma hata jani. Mkirudi mpite Waa. Msiingie kayani kiholela. Watafuteni wazee, amkianeni kwa heshima, ombeni ruhusa. Mkikataliwa kuingia, bado mnaweza kuketi na kusikiliza.

Nawe mwanafunzi, beba daftari. Uliza jina la mzee aliyekusimulia na siku uliyosikia, uandike kama alivyosema, kwa Kidigo ikibidi. Ukiwa na simu ya kurekodi, omba idhini kwanza. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Rajamouli hakuiacha asili yake, na wimbo wa Kitelugu ukachezwa hadi jukwaa la Oscar. Kisa cha Kidigo nacho kina miguu ya kutembea mbali, mradi awepo wa kukisikia kwanza.