Tundu la Pili

Fundi wa Kilosa alisema kadi ya waifai imekufa, tununue ya kuchomeka pembeni. Hela hiyo ilikuwa ya mdogo wangu kulipia maombi ya chuo, na dirisha la udahili lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Nyumbani Mikumi, kompyuta ile ilishika intaneti ya simu pale tu simu ilipolazwa juu ya kibodi. Ukiisogeza mpaka mlangoni, kwisha. Kadi iliyokufa haioni chochote. Hii ilisikia, ila kwa shida.

Kadi yenyewe ina matundu mawili ya antena, na baadhi ya kompyuta huuzwa zikiwa na waya mmoja tu. Kumbukumbu ndogo ndani ya kadi ndiyo huiambia draiva isikilize tundu lipi, na kumbe zipo zilizotoka kiwandani zikitaja tundu tupu! Mwaka 2016, Larry Finger, Mmarekani aliyezitunza draiva hizi kwa kujitolea, aliongeza chaguo kwenye kerneli ya Linux kwa ajili ya hitilafu hiyohiyo. Alifariki 2024. Sidhani kama aliwahi kuisikia Mikumi.

Chaguo ni mstari mmoja, kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d:

options rtl8723be ant_sel=2

Nilianza na 1, hola. Nikaweka 2, nikaiondoa moduli na kuirudisha. Mtandao ukajaa. Mdogo wangu akachukua simu, akatoka nayo hadi chini ya mwembe.

"Kaka, bado ipo?"

"Ipo."

"Basi nipishe hapo."