Moto wa Juu: Jiko Letu kutoka Fort Worth hadi Houston



Atokaye Dallas kwenda Houston hushika barabara kuu nambari 45, mwendo wa maili zipatazo 240. Hupita Corsicana, mji ambao mwaka 1894 watu walichimba kisima cha maji wakakuta mafuta. Hupita Huntsville, penye sanamu ya Sam Houston yenye urefu wa futi 67, ndipo majengo ya Houston huanza kuchomoza. Njia hiyo tumeipita mara nyingi kwa Idi, kwa arusi na kwa misiba. Mwaka 2022 tuliipita tukiwa tumefunga kwa kamba, nyuma ya gari la kukodi, jiko kuukuu la gesi.

Jiko lenyewe ni la chuma kizito: mafiga manne juu, oveni katikati, na chini yake droo ya kuchomea nyama. Tulilikuta, tayari likiwa la zamani, katika nyumba tuliyoinunua Fort Worth mwaka 1996. Marehemu mama yetu alipokuja kuishi nasi kutoka Zanzibar alilitazama kwa shaka. Mkate wa kumimina aliouzoea hupaliwa makaa juu ya kifuniko, ukaiva chini na juu. "Moto wa juu uko wapi?" aliuliza. Haukupita muda akagundua kwamba moto wa oveni umekaa sakafuni mwake, juu ya ile droo. Basi mkate ukishashika, aliuhamishia kwenye droo, moto ukawa juu yake na uso ukapiga wekundu. Katika nchi hii, alisema akicheka, atakaye moto wa juu na ainame.

Februari 2021 dhoruba ya baridi iliikumba Texas. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, na hesabu rasmi ya jimbo ilitaja vifo 246. Majiko ya umeme ya majirani yalizimika. Letu liliwaka kwa kijiti cha kiberiti. Tulipika uji na chai, tukawagawia. Usiku, wajukuu wakitetemeka, wazazi wao walitusihi tuiache oveni wazi ipashe nyumba joto. Mama alikataa katakata. Yeye alikulia penye makaa, akijua habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Tulijikusanya sote chumba kimoja, chini ya mablanketi na makoti, hadi alfajiri. Siku zizo hizo, huko Houston, wako waliofariki kwa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, wakitafuta joto kwa gari lililowashwa gerejini au kwa makaa ndani ya nyumba.

Mama alitangulia mbele ya haki mwishoni mwa mwaka huo. Tulipouza nyumba, baadhi ya jamaa walishauri jiko litupwe, kwani jipya lingegharimu kidogo kuliko kulisafirisha. Binti yetu wa Houston alijibu kwamba bibi yake hakuacha shamba wala dhahabu. Akaita fundi mwenye leseni, akaliunganisha na bomba la gesi na kukagua kama linavuja. Na kengele ya kutambua kaboni monoksaidi ikatundikwa ukumbini.

Julai 2024 kimbunga Beryl kiliwanyima umeme wateja zaidi ya milioni 2 wa Houston na vitongoji vyake. Jiko likawashwa tena kwa kiberiti, madirisha wazi, na nyumba tatu zikala chungu kimoja.

Ndugu zetu, kabla ya msimu wa baridi nunueni kengele hiyo, yenye betri, na msiigeuze oveni kuwa hita. Na mkiwa na chombo cha wazee, waulizeni wenyewe kinavyotumika wangali hai.

Mjukuu wetu sasa ana miaka 11. Mkate anaumimina mwenyewe, na kwenye droo anainama bila kuambiwa.